Takia Nililolifua

Dada Zuhura, ndege ya Rukia inafunguliwa, jina la mwanangu limechongwa kwenye kibao cha shaba mlangoni mwake, na huenda kibao hicho kikang'olewa kabla hakijapata vumbi, kwa sababu yangu mimi, mama yake mzazi.

Haya, nimeshalisema, sasa naweza kuvuta pumzi nikusalimu. Asalaam aleikum, dada yangu. Magoti yako yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia au umeificha kabatini unasubiri wageni? Mama anakula? Mwambie asimwage uji akadhani hatujui, habari zinafika mpaka huku. Sisi tu wazima wa viungo, alhamdulillahi. Baridi imepungua kidogo, nguo sasa zinakauka dirishani kwa siku mbili badala ya nne.

Utashangaa kuona kalamu yangu, maana tangu simu zilipoingia sijakuandikia hata mstari. Lakini nikikutumia sauti, wewe utaifungua sebuleni, na nyumba nzima ya Wete itanisikia kabla hujaisogeza simu sikioni. Ndiyo maana barua hii nimempa Bi Salama, jirani yangu wa hapa Walthamstow, anayekuja likizo. Bahasha nimeipiga gundi mara mbili. Isome peke yako kwanza, chumbani, ufunge mlango.

Unamjua Rukia. Yule niliyekuja naye huku bado ananyonya, analia ndege nzima mpaka wazungu wakaomba pamba za masikio. Leo huyo ni fundi, na si fundi wa kubandika tairi, Dada. Anatengeneza ndani ya ndege za zamani za vita, zile kubwa za kudondoshea mabomu, zilizowekwa makumbusho. Watu wakienda huko huzitazama kwa nje, zimepakwa rangi vizuri, wanapiga picha, wanakwenda kunywa chai. Ndani hawaingii. Na ndani, Rukia anasema, nyingi ni aibu tupu. Saa zake za vipimo zimeng'olewa na watu waliotaka kumbukumbu, nyaya zimekatwa, viti ni vya ndege nyingine kabisa, njiwa wamezaa humo vizazi na vizazi. Hii ya kwao walipoifungua walikuta wazee wa kujitolea wa zamani wameipaka ndani rangi nyeupe ya ukutani, ile ya madebe, kisha wakapigilia mbao za sakafu ya jikoni ili watoto wa shule wasijikwae. Nia njema, lakini ukitazama utadhani ni banda la kuku la tajiri.

Rukia ameifanyia kazi ndege hiyo miaka minne. Kwa kisu kidogo kama cha daktari amebandua rangi juu ya rangi, nyeupe, kijivu, buluu, mpaka akaifikia ile ya kijani iliyokuwamo wakati wa vita, na hapo akasimama, hakugusa tena. Kila parafujo ina karatasi yake. Kilichotoka kwenye ndege yenyewe kinaandikwa cha asili, kilichotengenezwa upya kinaandikwa kipya, na mtu akichanganya viwili hivyo, kwao ni sawa na aliyetoa ushahidi wa uongo. Mkubwa wake, Bwana Colin, mzungu mrefu mwenye ndevu kama brashi ya chupa, aliniambia mwenyewe kwamba hajapata kuona macho kama ya mtoto wangu. Nikamwambia, "Macho hayo ni ya dada yangu Zuhura, anayeona chawa kwenye kichwa cha mtu aliyeko ng'ambo ya barabara." Rukia hakutaka kutafsiri.

Wapo wazee fulani huko, mimi nawaita wazee wa tochi. Kila wiki wanakuja na tochi na picha za zamani, wanachungulia, wakiona taa imewekwa siyo, wanaandika barua ya malalamiko kurasa tatu. Siku moja mmoja wao alimkazania Rukia kwamba kishikio cha taa cha mahali fulani ni cha mwaka wa nyuma. Nilikuwepo, nimebeba sambusa. Rukia hakubishana. Alifungua jalada, akatoa picha, akamwekea mbele. Mzee akatazama, akatazama, akavua kofia. Kofia, Dada! Kwa mtoto wa Maryamu binti Khamis, niliyeishia darasa la saba. Basi mimi nikatangaza. Nimetangaza chuoni wanakosoma watoto Kurani, nimetangaza harusini, nimetangaza kwenye foleni ya samaki sokoni. Wanawake wamekodi basi zima waje siku ya kufunguliwa. Hilo la basi lishike, nitalirudia.

Na mimi nimo katika kazi hiyo, usidhani ni mtazamaji tu. Mikanda na mifuko ya turubai iliyokuwamo ndani ilikuwa imeoza au imeibiwa, zilibaki picha tu. Ilitakiwa ishonwe upya kwa mkono, kwa mishono ile ile ya zamani, idadi ile ile kwa kila inchi. Cherehani haifai. Bwana Colin akahangaika, Rukia akamwambia, "Mama yangu anashona kofia." Walinipa kipande cha majaribio. Nilipokirudisha waliweka kioo cha kukuzia, wakahesabu, wakaitana. Tangu hapo nimeshona mikanda kumi na minne na mifuko mitatu ya ramani, yote imeandikwa mipya, na jina langu limo kwenye majalada yao.

Sasa ndipo lilipokuja takia.

Mkiani mwa ndege hii kuna kibanda cha vioo, kidogo, hakitoshi hata kuweka mtungi na ndoo. Humo alikaa mpiga bunduki mmoja peke yake, mgongo ameupa ndege, uso ameupa kiza. Aliyekaa humo safari ya mwisho alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, jina lake Leonard. Walipigwa juu ya bahari wakirudi. Ndege ilitua, wenzake wakakimbilia mkiani, wakakuta mlango wa kibanda wazi na hayumo. Kama alianguka au alijirusha akiwa amejeruhiwa, hakuna anayejua. Hakuonekana tena. Kilichobaki ni takia la kiti chake, na juu yake doa la damu kubwa kama sahani ya chai. Fundi mmoja wa uwanja alilichukua akaliweka kwao, na wajukuu wake ndio waliolileta makumbusho, limefungwa gazeti.

Rukia alilileta nyumbani kwangu mwezi uliopita, siku mbili tu, ili nipime mishono ya pembeni na kushona la mfano la kuwekwa kitini, maana la asili walitaka kulitia sandukuni. Lilikuwa katika boksi jeupe na karatasi laini, kama keki ya harusi. Akaniwekea glavu.

"Mama, kupima tu," akasema. "Usilipanguse, usilikung'ute, hata vumbi lake ni mali."

"Vumbi gani mali? Basi njoo uchukue la chini ya kitanda changu uwe tajiri."

"Mama. Tafadhali."

"Nimesikia, mwanangu. Nenda kazini."

Akanieleza habari ya yule kijana huku amevaa koti, anaondoka. Laiti asingenieleza. Nilifungua boksi saa tatu asubuhi, nikavaa glavu zao, nikapima upande mmoja. Kisha nikaliona lile doa. Lilikuwa jeusi, limekauka, limepasuka pasuka kama udongo wa shamba. Nikalifunika na karatasi. Nikapima upande wa pili, nikalifunua. Dada, wewe ndiye uliyenifundisha kufua nguo za marehemu baba, siku ile ya tatu, tukiwa wadogo. Uliniambia nguo ya maiti haikai na uchafu wake, inafuliwa, inafukizwa, ndipo anayebaki apate utulivu. Nikatazama hilo takia, nikawaza, miaka yote hiyo damu ya mtoto wa watu imekaa, hajatokea mwanamke hata mmoja wa kumfulia. Mama yake amekufa anasubiri. Moyo wangu ukaniambia nifute kidogo tu pembeni, kwa kitambaa na maji baridi na chumvi, kama tunavyotoa damu.

Nilifuta kidogo. Wallahi nilikusudia kidogo. Lakini lilianza kuachia kama lililokuwa likingoja, na nilipotaka kusimama palikuwa na nusu chafu na nusu safi, mbaya zaidi kuliko mwanzo. Nikaendelea. Maji kwenye beseni yakawa rangi ya chai, kisha rangi ya kutu. Nikasoma nilichojaaliwa kukisoma. Nikamaliza, nikalifukiza udi, nikaliweka juu ya hita likauke upesi, na kwa saa nzima nilikuwa nimeridhika, Dada, ninakwambia kweli, nilikuwa na furaha kama niliyemsitiri mtu. Kisha nikasafisha beseni. Yale maji nilikuwa nimeshayamwaga sinkini. Ndipo nikakumbuka lile alilotufundisha mwalimu wetu wa chuoni, kwamba aliyekufa vitani haoshwi damu yake, huzikwa nayo. Najua kijana huyu si wa dini yetu. Lakini neno lile lilinijia sikioni kama mtu amesimama nyuma yangu, na nikageuka kutazama.

Nikalitazama takia. Safi. Kitambaa kimerudia ukijani wake, na pale palipokuwa na doa hapana kitu, kivuli tu. Miaka minne ya Rukia. Macho yake. Kofia ya yule mzee.

Sasa hili ninalolisema hapa sijamwambia mtu mwingine kwa kuandika. Nilikuwa na hina jikoni, nimenunua kwa ajili ya harusi ya mtoto wa Bi Salama. Niliikoroga na chai ya rangi nzito na ndimu, nikaacha ikolee. Nikafungua simu, nikatazama picha ya takia aliyonitumia Rukia. Nikachora. Mimi niliyepaka maharusi maua mpaka viwikoni, nilikaa mezani nikachora damu ya mtu. Nilifuata kila ukingo. Pale lilipokuwa zito nikarudia mara tatu. Pale lilipopasuka nikapitisha ncha ya sindano. Lilipokauka nikaikwangua hina, nikaweka picha pembeni, nikatazama hiki na kile, na sikuweza kutofautisha. Nikaogopa mikono yangu mwenyewe.

Nikajipaka hina vidole viwili, kusudi.

Rukia alirudi kulichukua siku ya pili. Akafungua boksi, akainama.

"Mama, mbona linanukia hina?"

Nikamwonyesha vidole. "Harusi Jumapili. Umesahau?"

"Hukuligusa?"

"Nililigusa kwa glavu zako. Ulinipa za nini?"

Akacheka, akanibusu kichwani. Akasema kwa Kizungu chake kwamba ananiamini kuliko mashine zao zote. Akaondoka nalo. Wiki ile ile aliandika ripoti ya mwisho ya kibanda cha mkiani. Ameandika takia ni la asili, doa ni la asili, halijaguswa, na chini yake akatia sahihi. Alinisomea kwa simu, kwa fahari. Nikasema, "Mashaallah, mwanangu." Nilikuwa nimekaa kitandani, na mkono wangu wa hina nimeukalia.

Wakubwa wake walifurahi sana hata wakabadili mawazo. Hawakulitia tena sandukuni, wakalirudisha kitini. Wiki iliyofuata nikaitwa kufunga mikanda yangu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia ndani mpaka mwisho. Unaingia umeinama, unapita juu ya chuma kikubwa kinachobeba mabawa, na humo mnanuka mafuta ya zamani na ngozi na kitu kingine sijui niseme nini, kama sanduku la mtu aliyesafiri asirudi. Kila kitu kiko mahali pake. Saa zimekaa, swichi zimekaa, penseli ya mshika ramani iko kwenye mfuko nilioushona mimi. Rukia amefanya kazi kiasi kwamba unahisi watu wametoka sasa hivi kwenda kukojoa na watarudi. Nilikuwa nikisikia kama nipo kwenye nyumba ya mtu bila ruhusa. Mwisho kabisa ndiyo kile kibanda. Mlango uko wazi, wameuacha wazi kama ulivyokutwa. Na takia langu liko kitini.

"Unaona, Mama?" Rukia akaniambia nyuma ya bega. "Katika ndege hii yote, yake ni hiyo tu. Mengine yote tungeweza kununua."

Nilifunga mkanda mmoja, wa pili nikashindwa kuutia kwenye kishikizo chake. Nikasema macho yanauma.

Bwana Colin akapita siku ile na wageni, akawaambia hakuna ndege ya mabomu nchini humu iliyo ya kweli ndani kama hii. Akanitambulisha. "Huyu ni mama yake." Wakanipigia makofi, Dada. Nimesubiri makofi ya wazungu miaka ishirini na saba, na yalipokuja nilitaka ardhi ifunguke.

Lakini hata hapo ningenyamaza. Nisikufiche. Ningenyamaza mpaka kaburini, nikajiambia nani ameumia? Doa liko, watu wanaliona, mtoto ana kazi. Kilichonivunja ni bibi mmoja, Bi Joan.

Huyo ni mdogo wake yule kijana. Alikuwa na miaka minane kaka yake alipopotea, leo anakaribia tisini, amekuja kwenye kiti cha magurudumu, amevaa herufi ya kwanza ya jina la kakake shingoni. Ndani hawezi kuingia, kwa hiyo wakamletea takia nje, juu ya meza. Nami nilikuwa pale nimebeba uzi na sindano. Hakulia. Alitazama muda mrefu, akamwuliza Rukia, "Una hakika?"

Rukia akasema, "Nina hakika. Nimetia jina langu."

Yule bibi akasema hana ombi ila moja. Siku ya kufungua, akatiwe nyuzi chache kutoka kwenye doa, zitiwe kwenye kikopo alichokuja nacho, akazizike kaburini kwa mama yao. Kwa sababu mama yao alikufa anatazama mlango. Akasema, "Nataka nimpelekee mwanawe kabla na mimi sijaenda." Bwana Colin akamtazama Rukia, Rukia akamtazama Bwana Colin, na hawa watu ambao hawakubali mtu apanguse vumbi, wote wawili wakaitikia kwa kichwa.

Kisha yule bibi akanigeukia mimi, sijui kwa nini. "Wewe ni mama?" akaniuliza. "Basi wewe unajua."

Dada Zuhura, nimezika watoto wawili, uliwashika wewe mwenyewe, unajua walipo na unawapalilia nyasi. Nikafikiri, huyu bibi atakwenda kuzika hina yangu. Atashushwa kwenye kiti chake na umri ule, atafukua udongo juu ya kifua cha mama yake, atamwambia mama, huyu hapa. Na huyo hapa ni hina ya duka la Wapakistani pamoja na majani ya chai. Na mwenyewe nimeshammwaga sinkini.

Nilivumilia siku nne. Chakula hakipiti. Nikiingia jikoni sifungui bomba, vyombo naoshea bafuni. Siku ya tano Rukia akaja na pilau aliyopika mwenyewe, mbichi, ila hiyo ni habari nyingine. Nikamwambia akae. Nikamwambia yote, beseni, chumvi, hina, sindano, vidole viwili. Sikupunguza kitu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza swali moja tu, kwa Kiswahili safi ambacho sijamsikia nacho tangu mdogo. "Mama, uliponiambia uliligusa kwa glavu tu, ulikuwa unaniangalia usoni?"

Nikasema, "Nilikuwa nakuangalia."

Akainuka akaosha sahani. Akaziosha zote, hata zilizokuwa safi. Nikamwambia, "Mwanangu, hatujachelewa. Wewe huna kosa, hakuna anayejua, tunaweza..." Sikumaliza. Aligeuka akanitazama kama nilivyomwona akitazama parafujo isiyo ya mahali pake. Akasema, "Nitamwandikia Colin sasa hivi. Kazi yangu yote ni kusema lipi la kweli na lipi si la kweli. Nikinyamaza hili, na yale mengine yote yanakuwa uongo." Nikamwambia, "Watakufukuza." Akasema, "Huenda." Akaandika hapo hapo mezani kwangu, pale pale nilipochora.

Niogope au nijisifu? Nimefanya vyote viwili. Nililia, na ndani ya kilio nikasema, huyu nimemzaa mimi.

Wakubwa walikaa kikao. Wamesema kibao cha shaba kibaki kimefunikwa kwanza. Habari ya kazi yake wataamua siku ya kufungua ikishapita, na hawakumwambia lolote la kumpa moyo. Bwana Colin hanisalimii tena, akiniona anatazama ndevu zake. Takia limerudishwa kwenye boksi. Walitaka kuahirisha siku yenyewe, watume barua kwa watu wote, waseme kuna hitilafu ya kiufundi.

Lakini ilibidi kwanza Bi Joan aambiwe. Rukia alimpigia simu mwenyewe, hakumwachia mtu. Nilikuwa nimekaa karibu yake, simu imewekwa sauti ya nje. Sauti ya bibi ikaja, ndogo na kavu:

"Mtu asiahirishe kitu. Mama yako aje. Alisimulie yeye, mbele yangu, na takia mezani. Nataka nione mikono iliyomwosha kaka yangu."

Akakata simu. Rukia anasema huenda ni hasira, huenda si hasira, na kwa wazungu hawa wazee huwezi kujua mpaka umefika mbele yao. Mimi ninajua kitu kimoja, kwamba hakusema "iliyofuta doa". Amesema "iliyomwosha". Nimeligeuza neno hilo juu chini na sijui ni msamaha au ni hukumu. Nikifumba macho naona anafungua kile kikopo, hamna kitu ndani, ananinyooshea nikitie.

Wanawake wa basi nao sijawavunja. Ningeweza kusema nimeumwa. Lakini nilipojisifu nilijisifu mbele yao, na mwenye kusikia la juu asikie na la chini. Wakirudi na kunisema, wananisema mimi. Rukia wamwache.

Sasa ukishamaliza kusoma peke yako, fungua mlango, waite uwasomee wote. Sitaki tena mambo ya gundi mara mbili. Msalimie Mama, mbusu mikono, mwambie mwanawe anahitaji radhi yake sasa kuliko wakati mwingine wowote. Msalimie kaka Hamadi, mkubwa wetu, mwambie asinitumie nasaha ndefu, anitumie dua fupi. Msalimie wifi Mwanaidi na wanawe, na shangazi Bi Fatuma, ambaye najua atasema aliyasema toka zamani. Msalimie mumeo, shemeji yangu Bwana Ali, na mtoto wako Zuwena, umwambie dada yake Rukia amempelekea viatu, vimo mkobani kwa Bi Salama. Mwalimu wetu wa chuoni, kama bado yu hai, muulize lile la damu ya waliokufa vitani, kama lina kafara, na anijibu upesi.

Nanyi mjikusanye kwa Mama, sebuleni, mikeka itandikwe, mnisomee dua kuanzia asubuhi mpaka nipige simu. Mimi mdogo wako Maryamu, ninayekupenda, nitakayesimama mbele ya meza ile na mikono yangu wazi, na Bi Joan amekaa, na Rukia pembeni yangu, na wakubwa, na wazee wa tochi, na basi zima la wanawake, wote wakishafika, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi.